Adui Yuko Chini ya Mwembe

Sisi wanachama tu watu wa kalamu, lakini ni wachache kati yetu wasiokuwa na miembe miwili mitatu kwao. Kwa hiyo neno hili latuhusu.

Mwaka 2003 nzi wa matunda atokaye Asia, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya na Tanzania. Hasara yake si ndogo: mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na biashara ile haikufunguliwa tena hata mwaka 2021.

Wengi hutazama juu, wakitafuta dawa ya kunyunyiza. Twaona yafaa kutazama chini. Nzi jike hutaga mayai ndani ya embe. Funza wakisha kushiba hutoka, wakajichimbia udongoni sentimita chache tu. Humo kila mmoja hujifunga katika ganda la kahawia, mfano wa punje ya mpunga, na baada ya siku kumi hivi hutoka nzi kamili. Udongo ukikauka mno, wengi hufa. Ukijaa maji, wengi hufa pia. Bali udongo laini wenye unyevu wa kiasi, kama ule wa kivulini mwa mwembe, huwalea vizuri.

Hapa twaungama kosa letu. Zamani tulipiga chapa tangazo la ofisi moja: "Zikeni maembe yaliyooza." Halikutaja kina, wala hatukuuliza, maana karani huandika alichopewa. Tulipokwenda livu tulimkuta bibi mmoja amefukia maembe yake kina cha kiganja, chini ya mwembe ule ule. Tulipofukua kwa kijiti tuliona maganda matupu, yamepasuka ncha. Akatuonyesha karatasi yetu, akasema, "Wajukuu zangu, nimefanya kama mlivyoandika." Tuliona haya. Bibi yule hakuzika, alipanda.

Basi, ndugu, tuwaambie wazee wetu kwa kipimo. Maembe yaliyoanguka yaokotwe mara kwa mara, kabla funza hawajatoka. Shimo liwe sentimita 50 au zaidi, yaani karibu futi mbili, na udongo ushindiliwe. Asiyeweza kuchimba na atie maembe katika mfuko mweusi wa plastiki, aufunge barabara, auweke juani siku kadhaa. Kuku waachwe wapekue chini ya miti, na wale chungu waitwao maji moto wasichomwe moto, maana hula funza. Tena majirani wafanye pamoja, kwa kuwa nzi hajui mpaka wa shamba.

Nasi wa ofisini, tukipewa karatasi ya namna ile, tusione vibaya kumwuliza mkubwa wetu: "Kina gani, Bwana?" Tangazo lisilo na kipimo ni kama dawa isiyo na kijiko.