Nani Anaosha Vyombo?



Wapendwa waamini, wiki hii tunapenda kutafakari jambo linaloonekana dogo: baada ya chakula cha jioni nyumbani mwenu, nani anaosha vyombo?

Katika nyumba nyingi za mijini jibu ni dada wa kazi. Mtoto wa miaka 12 anakula, anaacha sahani mezani na kuelekea kwenye televisheni. Wazazi hutuambia kwa nia njema kwamba ana masomo mengi, ana tuisheni, aachwe apumzike. Tunawaelewa. Hata hivyo, tunathubutu kusema kwamba mtoto huyo ananyimwa haki yake.

Mtoto anayechambua mchele hujifunza kuiona chuya na kijiwe kabla havijamfikia mwenzake mdomoni. Anayefua sare zake Jumamosi huzitunza kuanzia Jumatatu, maana anajua jinsi doa la tope linavyochosha mikono. Anayefagia uwanja asubuhi hatupi ovyo ganda la ndizi jioni. Mahubiri hayawezi kufundisha hayo, nasi tunaohubiri twalijua hilo vema. Zaidi ya ustadi, mtoto hutambua kwamba nyumba inamhitaji: asipochota maji, mtungi utakuwa mtupu, na wote wataona.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliitazama familia kama shule ya kwanza ya kazi. Nao Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao wengi huutaja kwa upande wa haki tu, unataja katika kifungu cha 31 wajibu wa mtoto, ukiwemo kuwasaidia wazazi wake panapo uhitaji, kulingana na umri na uwezo wake.

Umri na uwezo, ndugu zangu! Wa miaka 5 apange vijiko. Wa miaka 13 anaweza kusonga ugali. Mzigo wa kuni unaomwelemea mtoto, au kazi zinazomkesha hata asinzie darasani, si malezi. Wala kazi isigeuzwe kiboko. Aliyezoea kuoshewa vyombo, kisha akapewa kuviosha siku alipokosa tu, atakua akimdharau kila anayeviosha.

Tena tusiwabague. Binti akitoka shule huingia jikoni, kaka yake huchukua mpira. Miaka ishirini baadaye mke analeta malalamiko parokiani kwamba mumewe hawezi hata kujichemshia chai, nasi sote tunajifanya kushangaa.

Turudi kwa dada wa kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hapa kwetu Tanzania, inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na hairuhusu ajira kwa aliye chini ya miaka 14. Pengine huyo mnayemwita dada amemzidi mwanenu miaka miwili au mitatu tu. Huamka saa kumi na moja alfajiri, hulala wa mwisho, na nguo anazofua ni pamoja na soksi za kijana anayelingana naye kimo. Jumapili familia hufika kanisani imependeza, imejaza benchi zima. Yeye mara nyingi hatumwoni. Amebaki na vyombo vya chai ya asubuhi.