Tamko kuhusu malezi ya watoto kwenye makongamano ya vyuo

Mitwaba, Haut-Katanga

Sisi, walimu na watafiti tuliojiunga katika chama chetu hapa Mitwaba na huko Lubumbashi, tunatoa tamko hili kwa wakuu wa vyuo vya Haut-Katanga, kwa komite zinazoandaa makongamano na kwa wafadhili wanaoyalipia. Tunataka kila kongamano linalozidi nusu siku liwe na mahali pa kulelea watoto, palepale linapofanyikia, na gharama yake iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hatuombi fadhila. Aliyewahi kukaa kwenye komite ya maandalizi anajua kwamba mafuta ya jenereta hayasahauliwi, wala chai ya saa nne, wala fulana zenye nembo. Anayesahauliwa ni mtoto, kisha mama yake anaandikwa kwenye ripoti kuwa hakuweza kufika.

Kwa mtu wa Mitwaba jambo hili ni zito zaidi. Mkazi wa Lubumbashi anaweza kukimbia nyumbani mchana, akanyonyesha, akarudi kikaoni. Anayetoka huku anasafiri mamia ya kilomita, na wakati wa mvua safari hiyo haina saa ya kufika. Mtoto wa kunyonya haachwi nyuma. Mama akija naye, inabidi aje pia na yaya au mdogo wake: nauli ya pili, chakula cha pili, kitanda cha pili, vyote kwa mshahara wa asistanti. Wengi wanaghairi kabla ya kufunga mzigo.

Nao si watu wa kukosekana bila hasara. Eneo letu ndilo lenye Lusinga, makao ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba iliyoanzishwa 1939. Huku ndiko kwenye mashimo ya kasiterite, na ndiko watu walikohama vijiji vyao wakati wa mapigano ya wanamgambo wa Mai-Mai, hadi kiongozi wao Gédéon Kyungu Mutanga alipojisalimisha hapa Mitwaba Mei 2006. Mambo haya yanajadiliwa sana Lubumbashi, na wanaoyajua kwa karibu ni hao wanaoghairi. Katika kongamano moja mwenzetu alisoma makala yake kuhusu wahamaji hao mtoto akiwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Dakika 15 zilipita salama. Maswali yalipoanza, mtoto aliamka akaanza kulia. Mwenyekiti wa kikao akatazama saa, mama akatoka barazani. Maswali kuhusu makala yake yakajibiwa na msemaji mwingine ambaye hajawahi kukanyaga vijiji hivyo, na majibu hayo ndiyo yaliyoingia kwenye kumbukumbu za kongamano.

Tunaambiwa: mwachieni bibi. Bibi wengi wako shambani au sokoni wakitafuta riziki. Tena bibi hana maziwa.

Wengine wanasema haya ni mambo ya Ulaya. Historia ya Katanga inawakatalia. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyokuwa imechoka kuwapoteza wafanyakazi waliokuwa wakirudi vijijini, iliwaacha waishi kambini na wake na watoto wao, ikajenga hospitali, shule na vituo vya kina mama. Haikusukumwa na huruma. Ilitaka shaba, na ilitaka pia kuwatawala watu hadi jikoni mwao. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika historia ya familia hizo katika kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père. Mji wenye msomi wa namna hiyo hauwezi kujifanya haujui kwamba mfanyakazi ana watoto.

Katiba ya nchi yetu ya 2006, katika kifungu cha 14, inaidai serikali iondoe ubaguzi dhidi ya wanawake. Kanuni ya Kazi ya 2002 inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yenye malipo. Kweli, watumishi wa vyuo vya serikali wana sheria yao. Lakini haieleweki kwa nini mwalimu wa chuo apate pungufu ya karani wa kampuni. Sheria peke yake nayo haitoshi. Kenya ilikuwa tayari na Sheria ya Afya ya 2017 inayowaagiza waajiri kuweka vyumba vya kunyonyeshea, na bado tarehe 7 Agosti 2019 mbunge Zuleika Hassan alitolewa bungeni Nairobi kwa kuingia na mwanawe wa miezi mitano. Huko Marekani, Rebecca Calisi na wanasayansi wenzake akina mama walichapisha mwaka 2018 mapendekezo kwa waandaaji wa mikutano. Fedha za malezi na chumba cha kunyonyeshea vimo.

Chumba tunachokitaka hakitakuwa ghala lililofagiliwa asubuhi ileile. Kiwe karibu na ukumbi, mzazi akiitwa afike mara moja. Kiwe na mikeka, maji safi, sabuni, choo cha karibu, chandarua kwa wanaolala na pazia upande wa wanaonyonyesha. Walezi wawe wazoefu na walipwe siku hiyohiyo. Tunakataa kabisa desturi ya kuwageuza wanafunzi wa kike kuwa mayaya wa bure. Mlangoni liwepo daftari: jina la mtoto, jina la mzazi, namba ya simu, chakula asichopaswa kupewa. Asiyeandikwa humo hamchukui mtoto, hata akiwa shangazi yake. Mtoto asipigwe picha kwa ajili ya ripoti ya mfadhili. Na fomu ya kujiandikisha iwaulize akina baba pia. Wapo wanaolea peke yao, nao huona haya kusema.

Anayetoka mbali na mtoto wa kunyonya alipiwe nauli ya mlezi mmoja. Fedha zikikosekana, fulana zipunguzwe.

Kuanzia sasa mwanachama wetu hataingia kwenye komite ambayo bajeti yake haina kifungu cha malezi ya watoto. Kila mwaliko tutaujibu kwanza kwa kuuliza chumba cha watoto kiko wapi na ufunguo wake anao nani.

Kwa niaba ya wanachama,
Mwenyekiti na Katibu