Lubumbashi: Kwa nini simu husema dakika 20 na safari ikachukua saa nzima

Ni asubuhi katika komine ya Ruashi. Mfanyakazi anayetakiwa kuwa mjini saa mbili kamili anatazama simu kabla ya kutoka nyumbani. Kisanduku kidogo kwenye skrini, kinachoonyesha hali ya barabara na muda wa safari, kimeandika dakika 20. Anafika kituoni, anasubiri taksi-basi ijae, anakwama nyuma ya malori, na anaingia kazini akiwa amechelewa. Kesho yake kisanduku kinasema tena dakika 20.

Kisanduku hicho, au wijeti, kipo katika simu nyingi zinazouzwa Lubumbashi, ziwe za Android au iPhone. Kikikosea, wengi huhitimisha kwamba simu ni mbovu au mtandao ni mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ukifuatilia jinsi namba ile inavyopatikana, unakuta makosa ya aina mbili. Yapo yanayorekebishwa kwa dakika chache kwenye mipangilio ya simu. Na yapo ambayo hakuna fundi wa simu anayeweza kuyagusa, kwa sababu yanatokana na namna watu wa mji huu wanavyosafiri na nani kati yao anayehesabiwa.

Namba hutoka wapi

Simu haioni barabara. Programu za ramani kama Google Maps, na Waze ambayo Google iliinunua mwaka 2013, hupokea taarifa za mahali na kasi kutoka kwenye simu za watu walio safarini. Simu nyingi zikienda polepole kwenye barabara moja, kompyuta za kampuni huchukulia kuwa kuna foleni, na barabara hiyo hugeuka nyekundu kwenye ramani.

Udhaifu wa njia hii ulionekana wazi mwezi Februari 2020, pale msanii wa Ujerumani Simon Weckert alipoonyesha jinsi alivyovuta kigari chenye simu 99 katika mitaa ya Berlin. Ramani ilionyesha foleni mahali ambapo magari yalikuwa yanapita bila shida. Kilichokuwa kinahesabiwa ni simu, si magari.

Kinyume chake pia kinawezekana. Barabara inaweza kujaa magari na ramani isione kitu, ikiwa waliomo hawana simu janja au wamezima intaneti. Hapo programu hutegemea kumbukumbu za siku zilizopita au makadirio ya kasi ya kawaida kwa barabara ya aina hiyo. Barabara iliyochorwa kama barabara kuu itapewa kasi ya barabara kuu, hata kama mvua za masika zimeichimba mashimo na madereva wanapita kwa kunyata.

Saa ya Kinshasa mkononi Katanga

Kosa la kwanza la kuangalia ni rahisi, nalo linaihusu Kongo hasa. Nchi hii ina saa za aina mbili. Kinshasa na mikoa ya magharibi hufuata UTC+1. Haut-Katanga, pamoja na Lualaba, Kasai, Kivu na mikoa mingine ya mashariki, hufuata UTC+2. Inapokuwa saa moja na nusu asubuhi Lubumbashi, Kinshasa ni saa kumi na mbili na nusu.

Simu inayochukulia kuwa Kongo yote iko kwenye saa za mji mkuu itakuwa nyuma kwa saa nzima. Dakika za safari zinaweza kuwa sahihi, lakini saa ya kufika itakuwa si sahihi, na kikumbusho cha kuondoka kitalia wakati mwenye simu alipaswa kuwa tayari kazini.

Wengi wanaoliona tatizo hili huliongeza bila kujua. Badala ya kubadilisha saa za eneo, husogeza saa ya simu mbele kwa mkono. Kwa macho, saa inaonekana sahihi. Ndani yake simu bado inaamini iko Kinshasa, na sasa inaamini pia kwamba dunia nzima imesogea saa moja mbele. Taarifa ya foleni iliyotumwa sasa hivi itaonekana kama ya saa moja iliyopita.

Dawa ni kufungua mipangilio ya tarehe na saa, kisha kuchagua Lubumbashi katika orodha ya saa za eneo. Kama haipo, Lusaka, Harare au Maputo zitafaa, kwa kuwa zote ziko UTC+2 mwaka mzima. Kairo isichaguliwe, kwani Misri ilirejesha utaratibu wa kusogeza saa wakati wa majira ya joto mwaka 2023.

Wijeti iliyolala

Kosa la pili ni taarifa kuukuu. Wijeti haifanyi kazi muda wote kama programu iliyofunguliwa. Utaratibu wa kawaida wa Android hauruhusu wijeti kujisasisha kwa ratiba zaidi ya mara moja kila dakika 30, ingawa watengenezaji wa programu wana njia nyingine za kuiamsha. Apple nayo hueleza kuwa wijeti inayotazamwa mara kwa mara hupewa kwa kawaida nafasi 40 hadi 70 za kujisasisha kwa siku. Asubuhi, wakati wanafunzi, wafanyakazi na wachuuzi wanapotoka kwa pamoja, nusu saa inatosha kuifanya barabara iliyokuwa wazi kuwa imefungana.

Hali huwa mbaya zaidi kiokoa betri kikiwashwa, kwani simu husimamisha programu zinazofanya kazi chinichini. Kiokoa data hufanya vivyo hivyo kwa upande wa intaneti. Kuna pia suala la ruhusa. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, mtumiaji anaweza kuiruhusu programu ijue alipo wakati tu anapoitumia, hivyo wijeti inaweza kubaki na mahali pa jana. Na tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, mtu anaweza kutoa mahali pa kukadiria badala ya mahali kamili. Kwenye Android makadirio hayo huchukua eneo la takriban kilomita tatu za mraba, kiasi cha kuifanya safari ianzie mtaa mwingine.

Kuna kipimo kimoja kinachotenganisha makosa haya. Ukiona namba kwenye wijeti, fungua programu yenyewe na uombe safari ile ile. Wijeti ikisema dakika 20 na programu ikasema 45, wijeti imelala: angalia betri, data na ruhusa. Zote mbili zikisema 20, lakini safari inaanzia au kuishia mahali pasipo sahihi, rekebisha alama ya nyumbani na ya kazini kwa kuiweka kwa kidole kwenye ramani. Usitegemee jina la barabara peke yake, kwani jina moja linaweza kuwepo katika zaidi ya komine moja. Zote zikisema 20, alama ziko sawa, na bado barabara inakataa, basi tatizo haliko kwenye simu.

Gharama ya kubana matumizi

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la kiufundi tu. Mipangilio inayoilaza wijeti ndiyo ile ile ambayo mtumiaji mwangalifu wa Lubumbashi huihitaji. Huzima data ili mega zisiishe kabla ya jioni. Huwasha kiokoa betri kwa sababu umeme unaweza kukatika usiku na simu isipate chaji. Mtu huyo hajakosea. Anaitumia simu kulingana na mfuko wake na hali ya mji wake.

Lakini akizima data, hapotezi tu taarifa ya foleni. Yeye mwenyewe hutoka katika hesabu. Basi dogo lenye abiria 15 ambao wote wamezima intaneti halionekani kwa programu, na gari moja binafsi lenye simu iliyounganishwa linaonekana. Matokeo yake ni kwamba namba iliyo kwenye skrini huelekea kuwa ya safari za wenye magari na mega za kutosha, katika barabara ambazo watu wa aina hiyo hupita.

Safari isiyohesabiwa

Namba hiyo kwa kawaida hukadiria safari ya gari linaloondoka mara tu mtu anapoketi. Taksi-basi haiondoki hivyo. Husubiri ijae, husimama kila abiria anapogonga au kuita, na hubadili njia dereva akiona mbele kumefungana au akihofia kusimamishwa na polisi wa barabarani, maarufu kama "roulage". Dakika za kusubiri kituoni, ambazo kwa wengi ndizo ndefu kuliko zote, hazimo katika hesabu ya gari.

Manseba, kama wanavyoitwa hapa waendesha pikipiki za abiria, huleta kosa la upande wa pili. Pikipiki hupenya kati ya magari yaliyosimama. Simu ya abiria wake ikipita kwa kasi kwenye foleni, inaweza kutoa picha kwamba barabara inatembea. Kutenganisha pikipiki na magari ni kazi ambayo kampuni za ramani zimeifanyia juhudi kwingineko, lakini ugumu huongezeka pale simu zenye kutoa taarifa zinapokuwa chache.

Kisha kuna malori. Barabara ya taifa namba 1 inaunganisha mpaka wa Kasumbalesa na Lubumbashi, kisha inaendelea Likasi. Ndiyo njia ya shaba na kobalti kwenda Zambia na bandari za mbali, na ndiyo njia ya mafuta na bidhaa za kuingia. Lori moja likiharibika mahali pabaya, foleni huzaliwa kwa dakika chache, na kumbukumbu za wiki iliyopita haziwezi kulitabiri. Kongo huzalisha sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri za simu. Hivyo mkazi anaweza kukwama nyuma ya mzigo wa madini yale yale yaliyomo katika simu inayomwambia kuwa barabara iko wazi.

Na wapo wanaotembea kwa miguu kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi kila siku haiwezekani. Kwao hakuna rangi nyekundu wala kijani.

Nairobi walifanyaje

Pengo hili si la Lubumbashi pekee, na Nairobi inaonyesha kwamba linaweza kupunguzwa. Huko, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia katika mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu na kurekodi njia na vituo. Ramani ya njia zaidi ya 130 ilitolewa mwaka 2014, na mwaka uliofuata njia hizo ziliingia katika Google Maps.

Mradi ule haukuondoa foleni Nairobi. Ulichofanya ni kuuingiza usafiri wa watu wengi kwenye ramani ambayo hapo awali haikuutambua. Lubumbashi ina chuo kikuu, ina wanafunzi wanaopanda taksi-basi kila siku kwenda Kasapa, na kuna OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Kinachohitajika kuanza ni kidogo kuliko gharama ya kujenga barabara.

Kazi hiyo ina masharti yake. Taarifa za mahali alipo mtu ni taarifa za maisha yake: anakolala, anakosali, anayemtembelea. Kongo ilipata Kanuni ya Kidijitali mwezi Machi 2023, inayogusa pia ulinzi wa taarifa binafsi. Mradi wowote wa kuhesabu safari za wakazi utalazimika kueleza unakusanya nini na nani anakitunza.

Kwa nini ni suala la wote

Mtu aliyechelewa kazini anaweza kukatwa mshahara, na picha ya skrini yenye dakika 20 haitamtetea. Huenda hata ikamponza, kwani mwajiri mwenye gari ataangalia simu yake mwenyewe na kuona dakika zile zile.

Kwa mji, hatari ni kubwa zaidi. Ramani za aina hii zinazidi kutumiwa duniani kupanga barabara, vituo na bei za usafirishaji wa mizigo. Zikitumiwa hapa kama zilivyo, komine zenye simu chache zilizounganishwa zitaonekana kama hazina foleni, na barabara zisizo na foleni hazipewi kipaumbele cha kutengenezwa. Wanaoteseka zaidi barabarani watakuwa ndio wasioonekana.

Mfanyakazi wa Ruashi anaweza leo kuchagua saa ya Lubumbashi, kurekebisha alama ya nyumbani na kuifungua programu kabla ya kutoka badala ya kuiamini wijeti. Hilo litampa namba iliyo karibu zaidi na ukweli. Dakika za kusubiri taksi-basi ijae ataendelea kuziongeza mwenyewe kichwani, kama afanyavyo kila asubuhi, hadi pale mtu atakapoamua kuzihesabu.