Jeli, Faluda na Mwani Wetu

Kila Ramadhani inapokaribia, swali hili hurejea barazani kwetu: je, jeli ya pakiti yafaa kutiwa katika siniya ya futari? Kwanza tukijue kinachoigandisha. Jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na huko Ulaya ngozi ya nguruwe ndiyo itumikayo zaidi. Mwaka 1986, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Amman, lilikata kuwa jelatini ya nguruwe haijuzu katika chakula. Mwaka 1995, wanazuoni na matabibu waliokutana Kuwait walielekea upande mwingine, kwa hoja ya istihala: kitu kikigeuka dhati yake, na hukumu yake hugeuka. Mimi si mufti. Hayo nawaachia wenyewe. Nionalo mimi ni jingine. Tuna dhiki gani hata tuihitaji ruhusa hiyo?

Mama zetu hawakuwa na dhiki. Faluda waliigandisha kwa agari, zile nyuzi nyeupe ziuzwazo madukani kwa jina la chainagrasi, nazo asili yake ni mwani. Huchemshwa majini mpaka ziyeyuke, zikatiwa maziwa, sukari na iliki. Huganda pasi na barafu, joto likishuka kufikia digrii 35 hivi, wala haziyeyuki tena mpaka zikaribie digrii 85. Jelatini je? Huyeyuka kwa joto la mwili tu. Katika kaskazi ya Mombasa, umeme ukikatika, umebakiwa na sharubati! Tena nanasi au papai lisilopikwa huizuia jelatini isigande. Agari haijali.

Sasa tutazame Kibuyuni, kule Kwale, ambako akina mama hufunga mwani kambani baharini. Mwani wao, spinosamu na kotonii, hautoi agari bali karajinani, nduguye, agandishaye maziwa vizuri mno. Msomaji akiona E407 katika pakiti, ndiyo hiyo. E406 ni agari. Jelatini haina namba rasmi ya E; huandikwa kwa jina lake. Lakini mwani huo kwa wingi huanikwa, ukatiwa maguniani, ukauzwa ng'ambo mkavu vivyo hivyo, na unga wake ukaturudia ndani ya vyakula vya pakiti kwa bei ya dukani.

Sabuni ya mwani akina mama hao wamekwishaiweza. Kiwanda cha kutoa unga wa kugandishia chataka mtaji mkubwa, na huo hauwezi kutoka katika kibindo chao. Serikali ya kaunti iulizwe, na matajiri wetu wa mjini wanaoagiza jeli kwa makontena nao waulizwe.