Mtoto wa valvu na amoksilini ya dukani (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Suma, mmeniuliza kuhusu picha ya nyuklia ya moyo. Ipo: mgonjwa anachomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, penye maambukizi panang'aa. Inamsaidia hasa aliyewekewa valvu bandia, kama wanaofanyiwa upasuaji Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar.

Lakini tusijifiche nyuma ya mashine, jamani! Mtoto ana tatizo la valvu, homa siku ya tano, wewe unamnunulia amoksilini nusu dozi? Hiyo inaficha bakteria. Damu ikioteshwa maabara, huenda kisiote kitu. Mlete hospitali Tukuyu leo.

Na sisi manesi tusikwepe: damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya antibayotiki, kisha altrasaundi ya moyo. Ukituona tunasahau, uliza.