Je, Kocha Mpya Aweza Kumwinua Mchezaji Aliyeanguka?

Timu ikishindwa mara mbili tatu, hapo hapo husikika sauti mbili. Ya kwanza husema, "Watolewe wachezaji hawa, hawafai." Ya pili husema, "Tuleteeni kocha mpya, na mambo yote yatanyooka." Sauti hizi zimesikika muhula huu hapa shuleni, tangu timu yetu iliporudi kutoka safarini ikiwa imefungwa mabao mengi, na walinzi wetu ndio walioshutumiwa kuliko wengine wote. Mimi nasema kwamba sauti zote mbili zimekosea. Ili kuonyesha sababu, naomba wasomaji wanifuate mpaka Marekani, kwenye mchezo ambao walinzi wana kocha wao peke yao, na kazi yake yaweza kupimwa.

Mpira wa Marekani huchezwa na watu 11 kila upande kama wetu, lakini kufanana kunaishia karibu hapo. Mpira wenyewe una umbo la yai, hushikwa kwa mikono, na timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10. Mbele ya mrusha mpira husimama watu 5 wakubwa wa mwili: mmoja wa katikati, wawili wa ndani walio kando yake, na wawili wa pembeni. Hawa ndio mstari. Kazi yao si kufunga; kwa kawaida hawaruhusiwi hata kudaka mpira unaorushwa mbele. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mrusha mpira, na kumfungulia njia yule akimbiaye na mpira. Wakifanya vizuri hakuna awatajaye. Akikosea mmoja wao kwa nukta moja tu, mrusha mpira yuko chini, na uwanja mzima umeona.

Kocha wa mstari hawafundishi watu hawa kuwa na nguvu, kwani nguvu wanazo tayari. Huwafundisha mahali pa kuweka mguu wa kwanza, mahali pa kuweka mikono kifuani mwa mpinzani, na jinsi watu 5 wanavyoweza kutembea kama mtu mmoja. Jambo hilo hilo hurudiwa kila siku, kisha hutazamwa tena katika picha, mpaka mwili ulifanye bila kuuliza kichwa.

Sasa na tumtazame mchezaji mmoja aliyeanguka. Mekhi Becton ni mtu wa futi 6 na inchi 7, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 160. Mwaka 2020 timu ya New York Jets ilimchagua akiwa wa 11 kati ya vijana wote wa mwaka ule, na ikamweka pembeni mwa mstari. Mwaka wa kwanza alisifiwa. Mwaka 2021 aliumia goti katika mechi ya kwanza, na msimu wake ukaishia hapo. Mwaka 2022 goti lile lile liliumia tena, asicheze hata mechi moja. Alirudi mwaka 2023, lakini msimu ulipokwisha timu yake haikumng'ang'ania. Watu wengi walikwisha kumhesabu kuwa miongoni mwa vijana walioahidi makubwa wasiyatimize.

Mwaka 2024 alikwenda Philadelphia Eagles kwa mkataba wa mwaka mmoja tu. Huko alimkuta Jeff Stoutland, aliyekuwa kocha wa mstari wa timu hiyo tangu mwaka 2013. Becton alitolewa pembeni akawekwa ndani, upande wa kulia, nafasi ambayo hakuizoea. Mwaka ule Saquon Barkley, akipita katika njia walizofungua watu wa mstari ule, alikimbia yadi 2,005 katika msimu wa kawaida. Mwezi wa Februari 2025 Philadelphia waliwashinda Kansas City Chiefs 40 kwa 22 na kutwaa ubingwa, Becton akiwa miongoni mwa wale watano.

Atakayesoma habari hii upesi atasema, "Basi, kocha amemfufua." Naam, lakini si kocha peke yake. Kwanza, goti lilikuwa limepona. Pili, mtu wa ndani ana jirani kulia na jirani kushoto, hali mtu wa pembeni hupambana na wakimbiaji wepesi katika eneo lililo wazi. Tatu, jirani yake wa kulia alikuwa Lane Johnson, mmoja wa wachezaji hodari kabisa wa kazi hiyo. Ustadi wa kocha ulikuwa kuona kwamba mtu aliyeshindwa mahali pamoja aweza kufaa hatua mbili kando. Methali yatuambia kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Kocha ndiye nyenzo; lakini nyenzo haifanyi kazi pasipo mti, wala pasipo mahali pa kuiegemeza.

Jambo la pili ni wakati. Kocha huyo huyo alipewa mwaka 2018 kijana kutoka Australia, jina lake Jordan Mailata, aliyekuwa mchezaji wa ragbi. Alichaguliwa akiwa wa 233, na hakuwa amecheza mpira wa Marekani hata mara moja katika maisha yake. Misimu miwili ilipita bila ya yeye kucheza mechi moja ya ligi. Mwaka 2020 akaanza kucheza, na mwaka 2021 akaipata nafasi yake, akawa miongoni mwa nguzo za timu. Wachezaji wa ligi ile wanapojitambulisha katika televisheni hutaja chuo kikuu walichotoka. Mailata hakuwa na chuo cha kutaja, akasema kwamba ametoka Chuo Kikuu cha Jeff Stoutland. Watu walicheka, lakini heshima aliyompa mwalimu wake ilikuwa kubwa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba chuo hicho humfaulisha kila mwanafunzi. Mtu ambaye Mailata alishindana naye mwaka 2021 ni Andre Dillard, aliyechaguliwa mwaka 2019 akiwa wa 22. Kocha ni mmoja, uwanja ni mmoja, na Dillard ndiye aliyekuja na sifa kubwa zaidi. Lakini aliumia akakosa msimu mzima wa 2020, na nafasi ile hakuipata kamwe. Mwaka 2023 aliondoka kwenda timu nyingine. Simtaji ili kumdharau. Namtaja kwa kuwa wale wanaoamini kwamba kocha mwema hutibu kila ugonjwa hupenda kusahau watu kama yeye.

Mfano wa mwisho ni wa mstari mzima. Katika msimu wa 2015 Tom Brady, mrusha mpira wa New England Patriots, aliangushwa kabla hajaurusha mpira mara 38. Mwezi wa Januari 2016 timu ilifungwa na Denver 20 kwa 18, Brady akiangushwa mara 4 katika mechi hiyo moja. Kocha wa mstari aliondolewa, akaitwa mzee Dante Scarnecchia, ambaye alikuwa amestaafu miaka miwili kabla. Msimu uliofuata warusha mpira wote wa timu hiyo kwa jumla waliangushwa mara 24, na mwezi wa Februari 2017 wakawa mabingwa. Marcus Cannon, mlinzi wa pembeni aliyelaumiwa sana mwaka uliotangulia, aliwekwa katika kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi nzima.

Ushahidi huu ni mzito, nami naukubali. Lakini haki yataka tuseme pia kwamba Nate Solder, mlinzi mkuu wa pembeni aliyekosa sehemu kubwa ya msimu wa 2015 kwa kuumia mkono, alikuwa amerudi mzima, na kwamba kijana mpya, Joe Thuney, alikuwa ameongezwa. Sehemu ya mafanikio ni ya mzee Scarnecchia, na sehemu ni ya daktari.

Kwa hiyo, jibu langu ni hili. Kocha mpya aweza kumwinua mchezaji aliyeanguka endapo mambo manne yapo: mwili wa mchezaji uwe mzima, uwezo uwe ndani yake ingawa umefichika, apewe mahali panapomfaa, na wote wawili wapewe muda. Likikosekana moja, kocha atatoka jasho bure, nasi tutamfukuza kwa kosa ambalo si lake.

Nirudi sasa kwa walinzi wetu. Wanaotaka watolewe wote, na wajiulize kama kuna aliyewahi kuwafundisha kazi yao peke yake. Mazoezi yetu ya jioni karibu yote ni ya kupiga mpira golini. Mlinzi hupewa kazi ya kuokota mipira iliyotoka nje. Wanaongoja kocha mpya, na wajiulize kama watampa hata miezi miwili kabla ya kuanza kunong'ona. Mimi napendekeza kwamba katika kila saa moja ya mazoezi dakika 20 ziwe za walinzi pekee, wakijifunza kusimama, kugeuka na kuitana. Aliyeumia apumzishwe mpaka apone. Na yule anayepitwa pembeni kila mara ajaribiwe katikati. Haya hayahitaji fedha, na yaweza kuanza wiki hii, kocha mpya aje asije.

Nao wazazi wasomao gazeti hili wasidhani kwamba habari hii ni ya mpira tu. Sisi wa Kidato cha Nne tuna wenzetu walioanguka katika mtihani wa majaribio, na barua zimeanza kufika zikitaka wahamishwe shule. Huenda mwalimu mpya akawafaa. Lakini kabla ya kufunga sanduku la mtoto, yafaa kuuliza kwanza kama macho yake yaona ubao, kama anakaa mahali panapomfaa, na kama mwalimu aliye naye sasa amepewa muda wa kutosha wa kumwinua.