Hewa ya ziada ndani ya tabo, na mzigo usio na mwenyewe

MWENYE gari anayelipaka rangi mpya nchini Kenya hutakiwa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ili maelezo ya usajili yarekebishwe. Akibadilisha injini au umbo la bodi, vivyo hivyo. Lakini akiingia katika gereji asubuhi, fundi akakata mpira mmoja mwembamba na kuunganisha hapo vali yenye ukubwa wa kidole gumba, ataondoka na injini yenye nguvu zaidi kuliko aliyokuja nayo, na kitabu cha gari hakitabadilika hata nukta.

Vali hiyo ni kidhibiti cha mkono cha tabo, yaani kifaa cha kuongezea shinikizo la hewa inayosukumwa ndani ya injini. Magari yenye tabo, hasa Subaru aina ya Impreza na Forester, si mageni mjini Kakamega. Mapenzi ya Wakenya kwa magari hayo hayakuanza jana. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akairudia kazi hiyo mwaka 2000. Vijana wa wakati huo sasa ni watu wazima wenye mishahara.

Ili tuelewane na msomaji asiyeshika spana (na mkaazi wa Lugari ambaye akisikia neno hili huenda akaufikiria kwanza mji jirani wa Turbo), tabo ni feni mbili zilizounganishwa kwa mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huizungusha feni ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka.

Ingeachwa hivyo, tabo ingezidi kuzunguka hadi ijivunje yenyewe au iivunje injini. Kwa hiyo watengenezaji huweka mlango mdogo wa kuupitisha moshi kando ya feni. Shinikizo likifika kiwango kilichowekwa, hewa hupita katika mpira mwembamba, husukuma springi, na mlango hufunguka. Kidhibiti cha mkono hukaa katikati ya mpira huo. Ndani yake aghalabu mna gololi na springi ndogo, na juu yake pana skrubu. Fundi akiikaza, habari ya shinikizo huchelewa kuufikia mlango. Mlango hudhani mambo bado ni shwari, ilhali tabo inaendelea kushindilia.

Kwa maneno mengine, kifaa hiki hufanya kazi kwa kulidanganya gari. Simaanishi kwamba kila anayekifunga ni mhalifu. Kuna magari makuukuu ambayo vali yao ya asili ya umeme imekufa, na kidhibiti cha mkono kikirekebishwa kwa uangalifu huyarejeshea nguvu yaliyoipoteza. Ni kifaa sahili, hakina nyaya, na fundi stadi hukielewa kwa kukitazama tu. Utata unatokana na kwamba uamuzi uliokuwa wa kompyuta ya gari sasa umo mkononi mwa mtu mwenye bisibisi, na hapa kwetu uamuzi huo una mambo mawili mazito ambayo skrubu haiyajui.

La kwanza ni mwinuko. Mji wa Kakamega uko karibu mita 1,535 juu ya usawa wa bahari. Tukitumia pauni, kipimo ambacho kila dereva anakijua kwa magurudumu yake, hewa ya kawaida kule Mombasa hukandamiza kwa pauni 14.7 hivi. Kakamega ni karibu 12.2, na Eldoret, iliyo karibu mita 2,100, ni karibu 11.4. Tuseme fundi wa Kakamega amekaza skrubu hadi geji isome pauni 17. Geji hupima kile kilichozidi hewa ya nje, hivyo jumla inayoingia katika injini ni pauni 29.2.

Gari hilo likishuka hadi Mombasa kwa likizo ya Desemba, geji itasoma 17 zile zile, kwa kuwa springi ya mlango husukumana na hewa ya nje popote ilipo. Lakini jumla sasa ni karibu 31.7. Injini imeongezewa hewa kwa asilimia nane au zaidi bila mtu kugusa chochote, tena katika joto la pwani. Likipanda Eldoret, mambo yanageuka: ili kutoa pauni 17 kutokana na hewa nyepesi ya huko, feni hulazimika kuikandamiza hewa karibu mara mbili na nusu, nayo huzunguka kwa kasi zaidi na kuzalisha joto zaidi. Kompyuta za magari mengi ya tabo hupima hewa ya nje na kupunguza shinikizo gari linapopanda milima. Gololi na springi havina habari ya mlima wala bahari.

La pili ni mafuta. Nchini Japani, petroli ya daraja la juu ambayo magari haya yaliundiwa ina oktani isiyopungua 96 kwa kiwango cha taifa hilo, na vituo vingi huuza inayokaribia 100. Petroli ya super ya kawaida katika vituo vyetu ni ya oktani 93. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia joto na shinikizo bila kulipuka kabla ya wakati wake. Ikilipuka mapema injini hugonga, na mgongo huo ukirudiwa mara nyingi huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Gari lililoletwa Kakamega bila kubadilishwa lolote tayari linaishi kwa posho pungufu. Kulikazia skrubu ni kuitafuna hata akiba ndogo iliyosalia.

Hata katika mashindano, ambako injini hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara, hewa ya tabo haiachwi bila mlinzi. Mwaka 1995 timu ya Toyota iligunduliwa katika mashindano ya Catalunya, Uhispania, ikiwa na kifaa kilichoruhusu hewa kupita kando ya kizuizi rasmi cha tabo. Ilifutiwa pointi za msimu na kupigwa marufuku kwa miezi 12. Huko anayejibu anajulikana.

Hapa kwetu ni nani? Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Ni kauli pana. Kitabu cha gari huandika ukubwa wa injini kwa sentimita za ujazo. Shinikizo halina mahali pake. Mwaka 2003, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, kulitolewa kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zikafungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Nchi iliyotunga kanuni nzima kuhusu kidhibiti kinachopunguza mwendo haijatamka lolote mahususi kuhusu kidhibiti kinachoongeza nguvu.

Rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari iliyotolewa kwa maoni ya umma mwaka 2025 ilipendekeza magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne yakaguliwe kila mwaka. Wengi waliilaumu kwa sababu ya gharama. Kwa maoni yangu swali lililostahili kuulizwa kwa sauti zaidi ni mkaguzi atafungua nini. Breki, taa na magurudumu huonekana. Mpira mwembamba chini ya boneti unahitaji jicho lililofunzwa, na skrubu inaweza kulegezwa jioni ya kuamkia ukaguzi.

Upande wa bima ndio unaotisha. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, huilazimu kampuni kumlipa mhusika wa tatu, kwa kikomo cha Sh3 milioni. Lakini sheria hiyo hiyo huipa kampuni nafasi ya kwenda mahakamani kuomba iruhusiwe kuukana mkataba ikiwa mteja alificha jambo muhimu. Je, pauni nne za ziada ni jambo muhimu? Mawakili watabishana. Wakati huo, mjane wa mwendesha bodaboda aliyegongwa katika barabara ya Kisumu–Kakamega atakuwa akisubiri, na mwenye gari atatambua kwamba deni linaweza kumrudia yeye binafsi.

Fundi naye hana risiti aliyoandika wala kiwango alichotia sahihi. Sipendi kumtwika lawama zote, maana wengi wa mafundi wa jua kali walijifunza kwa macho na mikono, na ndio wanaoyaweka magari ya Magharibi barabarani. Hata hivyo, ujuzi huo unaweza kupimwa. Mitihani ya ufundi ya NITA ipo, na sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini ilizinduliwa mwaka 2024. Kaunti ya Kakamega ina Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Sigalagala na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kozi ya wiki mbili kuhusu tabo, na karatasi moja inayoandika shinikizo lililopimwa, tarehe na jina la gereji, si miradi ya mabilioni.

Haraka inatokana na umri wa magari yenyewe. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka minane tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza. Forester XT ya tabo ya lita mbili iliacha kuuzwa Japani mwaka 2018, na kwa hesabu hiyo mlango wake wa bandarini ulifungwa Desemba 2025. Zilizopo sasa zitazeeka humu humu, zikipita kutoka mkono hadi mkono, na kila muuzaji anaweza kukichomoa kidhibiti kabla ya mnunuzi kufika.

Madhara hayachomoki. Anayenunua gari la namna hiyo aangalie iwapo mpira mwembamba wa tabo ni mpya kuliko mingine au umefungwa kwa klipu ngeni, na iwapo kuna matundu kwenye dashibodi palipokuwa na geji. Amtafute fundi wake mwenyewe, asiwe wa muuzaji, apime mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa na joto. Silinda moja ikisoma chini sana kuliko wenzake, bei iliyotajwa si bei ya gari hilo.